Migomba Nyuma ya Duka la Mzee Hafidhi

Alhamisi, 3 Oktoba

Daftari hili kanipa Evarist, mwanangu. Kaniambia, "Mama, wewe una maneno kuliko redio. Yaandike." Basi naandika.

Mimi ni Alistidia, mjane wa marehemu Elieza, wa hapa Kamachumu. Niliishia darasa la saba, lakini mwandiko wangu mwalimu aliwahi kuuzungusha darasa zima wauone. Watu husema sisi Wahaya tunajivuna. Mimi sijivuni, nasema kilichopo. Na kilichopo ni kwamba Muleba yote, na Bukoba mjini uiongeze, hakuna kijana anayeweza kushika postikadi ya zamani, akaigeuza mara moja tu, akakutajia mwaka wake. Evarist anaweza. Ana shahada ya ualimu wa historia. Ajira mwaka wa sita huu haijatoka, kwa hiyo yuko mjini kwenye steshenari ya watu, anatoa fotokopi na kupiga picha za pasipoti. Lakini akili yake haiko kwenye fotokopi.

Mvua zimeanza vizuri.

Jumatano, 9 Oktoba

Leo nilikwenda mjini kumpelekea ndizi, akanichukua mpaka kwa Mzee Hafidhi. Nilikuwa namsikia tu. Ni mzee wa miaka themanini na moja, Mwislamu wa hapo mjini. Babu yake alitoka pwani enzi za Wajerumani akafungua duka karibu na maji. Anaishi na binti yake, Mastura, ambaye umri wake na wangu hauachani sana. Jicho moja la mzee limefunikwa na mtoto wa jicho, la pili linafuata.

Tangu ujana mzee huyu anakusanya postikadi za Bukoba. Ana mia mbili na kumi na nne. Kuna ufuko wa ziwa, kuna gati la zamani, kuna meli inatoa moshi, kuna mtaa wa maduka ya Wahindi wakati ule barabara ni nyasi. Evarist humsomea, maana mwenyewe haoni tena maandishi madogo. Miaka minne sasa, kila jioni akitoka kazini.

Walinifundisha wote wawili, wananyang'anyana maneno. Kadi za mwanzo kabisa mgongo wake hauna mstari wa katikati, upande wote ni wa anwani, salamu unabana mbele pembeni mwa picha. Ukiona mstari katikati, ni ya baadaye. Mhuri wa posta lazima uanzie kwenye stempu uingie kwenye kadi; ukikatikia ukingoni mwa stempu, ujue stempu imebandikwa juzi. Karatasi ya siku hizi ukiimulika kwa ile taa ya buluu ya kukagulia noti, inang'aa kama meno. Ya zamani inabaki imelala. Na wapo wajanja wanaoloweka kadi kwenye chai ya rangi ili izeeke.

"Hiyo unaijuaje?" nikauliza.

"Unainusa," Mzee Hafidhi akasema. "Kuna moja nililetewa hapa, nikamwambia yule bwana, mwanangu, umesahau tangawizi tu."

Tukacheka. Evarist akanipa kadi moja. "Haya mama, hii ya mwaka gani?" Nikatazama wanawake wamebeba mizigo. Nikasema, "Ya mwaka ambao wanaume walikuwa wamekaa." Mzee akacheka mpaka akakohoa, Mastura akamletea maji.

Kisha mzee akanieleza kwamba iliyo muhimu kuliko zote haimo. Ilikuwa kadi ya duka la babu yake, na babu mwenyewe amesimama mlangoni na kanzu. Tetemeko la mwaka 2016 liliangusha ukuta, mvua ikanyesha siku tatu juu ya sanduku. Nyingine walizianika zikapona. Ile ilibaki tope. "Nilizaliwa naikuta ukutani," akasema. "Nikifumba macho naiona. Nataka kuiona nikiwa nimeyafumbua."

Njiani nilimwambia Evarist yule mzee ana bahati kupata kijana kama yeye. Akasema, "Mimi ndiye mwenye bahati, mama." Hivyo ndivyo nilivyomlea.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mvua. Nimepalilia kidogo.

Jumamosi, 19 Oktoba

Evarist amekuja nyumbani, hakuniarifu. Nilikuwa kibanjani, shambani kwangu kwa migomba, natoa maua dume kwenye mikungu, lile ua jekundu linaloning'inia chini. Tangu ugonjwa wa unyaufu ulipoingia huku Kagera, karibu miaka ishirini sasa, mabwana shamba walitufundisha tulitoe mapema kwa mti wenye panda, usiguse panga, maana wadudu hulifuata ua na kueneza ugonjwa. Wengine wavivu. Kwangu hutalikuta hata moja.

Akaanza kupiga picha migomba kwa simu. Nikasimama vizuri, nikajifunga kitenge. Akasema, "Mama, samahani, sogea kidogo. Nataka migomba peke yake."

"Migomba imenishinda uzuri?"

"Haikushindi. Ila haiongei."

Amekula ebitoke, ndizi zetu za kupika, na dagaa, karudi mjini. Nimefurahi siku nzima.

Jumatano, 30 Oktoba

Leo niandike kwa kalamu nzuri. Evarist ameipata kadi ya mzee. Ile ile ya mwaka 1912, duka na babu mlangoni. Anasema imepatikana kwa mtu wa Mwanza ambaye wazee wake walikuwa na maduka huku. Amempelekea mzee jana. Mastura kaniambia kwa simu kwamba baba yake aliipokea kwa mikono miwili, akaisogeza kwenye jicho lile zima, akakaa nayo muda mrefu. Kisha akasema, "Ahsante, mwanangu." Akaitundika kando ya kitanda chake.

Nchi nzima ina watu wenye shahada. Wangu ndiye aliyemrudishia mtu babu yake.

Jumapili, 3 Novemba

Baada ya ibada nimewaeleza kina mama wote, na waliowahi kuondoka nimewafuata kwao. Kokuberwa, jirani yangu, kasema binti wa dada yake, Dativa, yuko Dar es Salaam na watu wanaoandaa maonyesho ya picha za zamani za miji ya kando ya maziwa. Nikamwambia, mpigie sasa hivi. Akapiga sasa hivi, tukiwa tumesimama hapo kwenye matope.

Jumatano, 6 Novemba

Dativa anakuja kuona kadi za mzee. Nimempigia Evarist kumpa habari. Nilidhani atafurahi.

"Mama, ulimwambia nani?"

"Nimemwambia kila mtu. Kwani ni siri?"

Nikafikiri mtandao umekatika. Halafu akasema, "Sawa."

Ni unyenyekevu wa baba yake huo. Elieza naye alikuwa anajificha akisifiwa.

Jumanne, 12 Novemba

Senene, panzi wetu wa kula, wameanza. Wachache. Mvua ya usiku inawaleta, ya asubuhi inawaharibu.

Jumamosi, 16 Novemba

Nilifika mjini mapema na senene wa kukaanga na mkungu mmoja, nisije nikaonekana mikono mitupu. Dativa ni msichana mnyoofu, kavaa miwani, anasema "shikamoo" kwa heshima ya nyumbani. Alikaa sebuleni kwa Mzee Hafidhi toka saa nne hadi saa tisa, anageuza kadi moja moja kwa glavu nyeupe. Kila akigeuza, Evarist anasema mwaka na sababu. Hii kabla ya vita kuu ya kwanza, tazama stempu. Hii ya Waingereza tayari. Hii picha ni ya zamani lakini kadi ni ya baadaye, picha moja walikuwa wanaitumia miaka hata kumi. Hii mzee aliiweka kwa makusudi ingawa ni ya uongo, ili vijana wajifunze uongo unafananaje.

Dativa akaweka kalamu chini. Akasema ukuta mmoja mzima wa maonyesho utakuwa wa kadi hizi, na juu yake litaandikwa jina la mzee na la baba yake na la babu yake. Na anahitaji mtu wa kuandika maelezo, miezi sita Dar es Salaam, na huenda kazi ikaendelea. Alimtazama Evarist. Miaka sita nimesubiri mtu amtazame hivyo.

Mzee Hafidhi akasema, "Alhamdulillahi." Akapapasa mpaka akapata mkono wa Evarist akaushika.

Sasa mimi nikaona wanasahau. Nikasema, "Mbona hamjamwonyesha ile kadi aliyoipata mwanangu?"

Evarist alikuwa anatazama sakafu. Mzee akasema taratibu, "Ile ya chumbani, Mama Evarist. Ile ni yangu tu."

Nikasema, "Mzee usiwe mchoyo, huyu mgeni katoka mbali." Nikainuka mwenyewe, nikaingia, nikaitoa ukutani. Nilimkabidhi Dativa bila hata kuitazama vizuri, nilikuwa namtazama yeye atafurahi vipi. Akafurahi kweli. Akasema hii ndiyo itakuwa katikati ya ukuta. Kaondoka nazo zote kwenye sanduku la bati, ameandikiana hati na Mastura.

Evarist hakunisindikiza stendi. Alisema kichwa kinamuuma.

Jumapili, 17 Novemba

Dativa aliipiga picha ile kadi kabla ya kuondoka, Mastura kanitumia kwenye simu. Baada ya ibada nikawa nawaonyesha kina mama. Kokuberwa kasema, "Hebu ikuze tuone huyo babu." Nikaikuza. Duka lile, babu na kanzu yake. Nikasogeza kidole pembeni, ikaja migomba iliyo nyuma ya duka.

Nikaona mikungu saba. Yote saba haina ua dume. Imevunjwa pale pale ninapovunjia mimi, karibu na chane ya mwisho.

Mmoja ningesema bahati. Mwaka 1912 nani alikuwa anatoa maua dume, na ugonjwa wenyewe haujaja? Nikasogeza tena. Mgomba wa kushoto umeegemezwa kwa miti miwili iliyopishana, mmoja mfupi, na kamba imezungushwa mara tatu. Kamba ile niliizungusha mimi mwezi wa tisa.

Kokuberwa akauliza, "Vipi, mae?" Nikasema chaji imeisha.

Jumanne, 19 Novemba

Nimekwenda kwenye steshenari. Alikuwa anatoa fotokopi za vyeti vya mtu. Nikasubiri mteja aondoke.

"Mama, karibu. Mbona hukupiga simu?"

"Nimekuja kuuliza habari za migomba yangu."

Akacheka. "Inaumwa?"

"Haiumwi. Inasafiri. Imefika Dar es Salaam bila nauli."

Akazima mashine. Sauti yake ilipokatika nikasikia mvua juu ya bati.

"Umejuaje?"

Nikamwambia. Alisikiliza mpaka mwisho, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Miaka minne natafuta mishono kwenye kadi za watu," akasema. "Hilo sikulifikiria hata kidogo. Nimekula ndizi za kibanja kile toka naanza kutembea."

Kisha akanieleza yote. Duka alilitoa kwenye picha nyingine ndogo ya mtaa ule. Kanzu na mwili ni vya mtu mwingine, uso ni wa picha ya baba wa Mzee Hafidhi, akaufifisha. Kadi yenyewe ni ya zamani kweli, Mzee Hafidhi alikuwa na kadi tupu za posta za Wajerumani zisizo na picha, moja akaichukua. Ndiyo maana taa ya buluu haioni kitu. Mtu wa Mwanza hayupo.

"Nilitaka aione kabla jicho halijafunga. Ingekaa ukutani kwake, siku akiondoka ningeichoma. Nani angeileta lenzi chumbani kwa mzee? Wewe ndiye uliyeitoa, mama."

Hilo ni kweli, na nimeliandika hapa bila kulipunguza.

Nikasema, "Mwambie mzee kabla wale watu hawajajua."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nitamwambia, mama. Nimesema."

Ijumaa, 22 Novemba

Mvua. Hajamwambia.

Jumapili, 24 Novemba

Kanisani wameniuliza habari za ukuta wa Dar es Salaam. Nimesema unaendelea vizuri. Hajamwambia.

Jumatano, 27 Novemba

Senene wamekwisha mapema mwaka huu. Nimempigia simu asubuhi, akasema jana alikwenda akakuta mzee amelala. Mzee gani analala saa kumi na moja jioni.

Ijumaa, 29 Novemba

Mastura kapiga simu. Alikuwa analia kwa hasira, si kwa huzuni. Kule Dar es Salaam wameiweka ile kadi chini ya lenzi yao kubwa wakaona vitone vya rangi, vya mashine ya siku hizi. Dativa akampigia Mzee Hafidhi kwa heshima kumuuliza imetoka wapi. Mzee kajibu, "Niliitengenezesha mimi. Msimuulize mtu mwingine."

"Baba yangu hawezi hata kuwasha simu peke yake, Mama Evarist," Mastura akasema. "Kaitengeneza na nini? Na bakora?"

Nilikuwa na la kusema, sikulisema.

Wamesema kadi zote zinarudishwa. Mia mbili na kumi na nne alizozikusanya tangu ujana. Wanasema mwenye kadi akishakubali kutia moja ya uongo, hawawezi kusimama mbele ya watu wakaapia nyingine. Kazi ya Evarist haijaguswa. Wanamwona naye alidanganywa.

Jumatatu, 2 Desemba

Amekuja na mkate na soda kama mgeni. Anaondoka tarehe kumi kwenda Dar es Salaam. Nimempikia. Hakula vizuri, na mimi pia.

"Umemwona mzee?"

"Jana."

"Alisemaje?"

"Hakuniuliza. Na mimi sikusema. Tulikunywa chai." Akazungusha chupa ya soda mezani. "Mama, amejibebesha mwenyewe. Sikumtuma. Nikisema sasa, yeye atakuwa mwongo mara ya pili, na mimi nitakuwa nimekwisha. Miaka sita, mama. Nimepiga picha za pasipoti za wanafunzi niliowazidi darasa, wao wanasafiri."

"Habari zimeenea mtaani, wanamcheka. Mastura kasema vijana wanampitia mlangoni wanauliza kama anayo kadi ya Nuhu kwenye safina."

"Watasahau."

"Atakufa kabla hawajasahau."

Akaniangalia. Nilikuwa namjua mtoto huyu tangu hajawa na meno, nikaona simjui huyu aliyekaa hapa, au ninamjua sana na ndiyo shida. Akasema, "Ulinisifu mama, mpaka nikakosa pa kuweka kosa."

Nilimfungia ndizi za njiani. Akazisahau, au akaziacha.

Jumanne, 3 Desemba

Sikulima leo. Nilikaa mlangoni.

Jumatano, 4 Desemba

Nimechukua namba kwa Kokuberwa, nimempigia Dativa. Nimemwambia kadi imetengenezwa na mwanangu, migomba ni ya kwangu, na mzee Hafidhi hakuijua mashine hiyo hata kwa sura. Nimemweleza habari za ua dume na za kamba. Nilisema yote bila kupumzika, maana ningepumzika ningeacha.

Akasema, "Mama Alistidia, unajua unachosema? Ni mwanao."

"Najua ni nani. Nimemzaa."

"Sitaweza kumchukua tena."

"Najua. Sasa jina la mzee lirudi kwenye ukuta."

Akashusha pumzi. Akaniambia, kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionimaliza, kwamba orodha ilifungwa Jumatatu. Ukuta ule umepewa picha za mji mwingine. Na hata usingefungwa, wakubwa wake walishasikia habari ya kadi za Bukoba. "Mimi nakuamini, mama. Lakini imani yangu siwezi kuitundika ukutani."

Nikamwuliza, basi angalau waliomcheka mzee wataambiwa ukweli? Akasema hajui nani alicheka.

Nilikuwa na vitu viwili. Nilipiga simu moja, vyote vikaondoka.

Jumamosi, 7 Desemba

Evarist kapiga saa sita mchana. Hakupandisha sauti. Afadhali angepandisha.

"Ulinipa siku ngapi za kuwa mtu, mama?"

Nikasema, "Nilikupa wiki mbili za kusema mwenyewe."

"Na ukapiga bila kuniambia."

"Ningekuambia ungenizuia. Ningezuilika."

Akasema, "Haya." Jioni Mastura alinieleza kwamba amerudisha ufunguo wa chumba na ameacha kazi ya steshenari. Amepanda meli ya Mwanza. Kwa mzee hakupita.

Jumapili, 8 Desemba

Sikuenda kanisani. Ni mara ya kwanza tangu msiba wa Elieza.

Jumatano, 11 Desemba

Nimekwenda kwa Mzee Hafidhi. Sanduku la bati limerudi, liko kwenye kona, hawajalifungua. Nikapiga magoti, sikusubiri chai.

Akasema, "Inuka, Mama Evarist. Sakafu ya hapa ina baridi."

Nikamweleza nilichofanya. Kumbe Mastura alishamweleza. Akanisikiliza tena hata hivyo, kama mtu anayesikia mara ya kwanza, ili nisiaibike.

"Nilijua siku ile ile aliyoileta," akasema. "Nyuma ya duka la babu hapakuwa na mgomba. Palikuwa na maji matupu na jiwe moja kubwa, ndege wakikaa juu yake. Nilikuambia nikifumba macho naiona. Evarist hakuwahi kuniuliza nyuma palikuwa na nini. Ningemwambia."

"Kwa nini hukusema?"

"Mtoto anakuletea kitu kwa mikono miwili. Utasema nini? Nikasema ahsante, nikangoja aniambie. Kila jioni nilikuwa nangoja. Nilikuwa nazungusha maneno karibu karibu ili apate mlango. Hakuuona."

Mastura akasema kutoka jikoni, "Baba, mlango wako ulikuwa mdogo."

"Pengine." Akageuza uso upande niliko, lakini jicho halikunipata, lilinipita kidogo kushoto. "Ungeniuliza kwanza, mama. Mimi jina langu limebaki la kutumia miaka miwili, mitatu. Lake lilikuwa jipya. Nilikuwa nimeshampa. Sasa wewe umempoteza mtoto, na mimi sikurudishiwa kitu."

Hakusema kwa ukali. Nikatafuta neno la kujitetea. Nimesema maneno mengi maisha yangu yote, na siku hiyo hata moja halikuja kunisaidia. Nilifanya haki. Bado nasema nilifanya haki. Haki yenyewe sijui imemfaa nani.

Mastura akanipa chai. Nilikunywa yote, maana kuiacha kungekuwa maneno mengine.

Jumatatu, 16 Desemba

Mvua. Simu ya Evarist inaita mara moja inakatika.

Alhamisi, 19 Desemba

Nimemwandikia ujumbe. Tiki moja tu, ya pili ya kuonyesha umefika haiji. Kokuberwa anasema huenda hana bando. Kokuberwa ni mtu mwema.

Jumapili, 22 Desemba

Nimerudi kanisani. Mama mmoja wa Kishanda, mgeni kwenye kikundi chetu, kaniuliza nina watoto wangapi na wanafanya nini. Nikasema ninaye mmoja, yuko Mwanza. Akangoja niendelee. Wenzangu nao wakangoja, wamenizoea. Sikuendelea.

Jumanne, 24 Desemba

Nilipeleka ndizi za sikukuu kwa Mzee Hafidhi. Sikukuu ni yangu, si yake, lakini mtu hali peke yake. Jicho la pili sasa ni la mwanga na kivuli tu.

Dativa aliwarudishia ile kadi pamoja na nyingine, na mzee ameagiza itundikwe. Si chumbani tena. Iko sebuleni, mkabala na mlango, pale mtu yeyote anayeingia ataiona. Nilitaka kumwuliza kwa nini, nikaogopa.

Nikiwa bado nimekaa, akaingia bwana mmoja Najibu, fundi wa redio wa mtaa huo, kuleta redio ya Mastura. Ni mmoja wa wale wa safina ya Nuhu. Akaitazama kadi, akatabasamu kwa pembe ya mdomo. "Mzee, hii nayo ni ya mwaka gani?"

Mzee Hafidhi hakuhitaji kugeuka.

"Ya mwaka huu," akasema. "Mwezi wa kumi. Aliitengeneza mwanangu Evarist. Hapo nyuma ni shamba la mama yake, huyu hapa."

Najibu akanitazama. Tabasamu likamwishia. Akaweka redio mezani, akasema, "Shikamoo, mama," akatoka.

Nimerudi Kamachumu jioni. Nimemwandikia Evarist maneno hayo ya mzee kama yalivyo, sikuongeza langu. Sasa ni karibu saa mbili. Tiki bado ni moja.